Riba ya Yeni Nne

Siku ya tatu baada ya kumchoma baba
nilikosea: niliwapigia benki.
"Amefariki," nikasema, kama mtu anayeripoti bomba lililopasuka,
na sauti ya kike upande wa pili ikainama
(nilisikia ikiinama),
ikanipa pole, ikafunga akaunti,
papo hapo, kabla sijaweka simu chini.

Bi Hatakeyama wa nyumba ya pili akafyonza:
"Ungenyamaza kwanza, Chizuru. Umeme utalipwa na nani?"
Kweli. Barua zikaja, za umeme, za gesi, za maji,
zote kwa jina lake, zikimkumbusha kwa adabu.
Miaka arobaini hajachelewa hata siku moja.
Dawa ya deni kulipa, lakini mkoba umefungwa
na mwenye mkoba ni majivu.
Niliona haya kwa niaba yake.

Kufa kwake hakutoshi. Benki wanataka uthibitisho kwamba alizaliwa,
karatasi toka kilio cha kwanza hadi pumzi ya mwisho,
bila pengo.
Nikaandikia Odate, alikozaliwa.
Nikaandikia Hakodate, alikokaa miaka miwili
ambayo hakuwahi kuitaja.
Kaka yangu Morihiko alinipigia kutoka Osaka:
"Hakodate? Alifanya nini huko?"
Karatasi haisemi. Alihamia, kisha akahama.

Muhuri wake niliukuta kwenye kopo la chai,
mwembamba kama kidole cha mtoto, wino umekauka mdomoni.
Huo hauna kazi tena, wakasema.
Sasa ni wangu na wa Morihiko,
pamoja na vyeti vya kuthibitisha kwamba mihuri ni mihuri.

Na vijitabu vya akiba! Kumi na saba, vimefungwa raba.
Haba na haba, mshahara wa kiwanda cha mbao cha Noshiro,
na kibaba hakikujaa.
Kando ya kila mstari uliopigwa na mashine
yeye aliweka neno la penseli:

Toa 8,000. Mafuta ya stovu.
Toa 12,000. Meno.
Toa 2,000. Sijui.

Sijui! Mtu aliyehesabu misumari
kabla ya kukuazima nyundo.

Toa 10,000. Chizuru anakuja.
Toa 10,000. Chizuru anakuja.
Weka 10,000. Hakuja.

Niliketi sakafuni, koti la theluji bado mwilini.
Nilikuwa nimesema treni zimesimama.
Zilikuwa hazijasimama.

Ukurasa wa mwisho, wa Desemba, sikuusoma.
Niliuwekea akiba.

Leo namba yangu ni arobaini na sita.
Kijana wa dirishani ana shingo nyembamba, tai imemshinda.
Anaingiza kijitabu mashineni, mashine inanguruma,
inaongeza mstari mmoja:
Februari, riba, yeni nne.
Mwezi mzima tangu afe, na bado walimlipa.
"Ungependa tukurudishie kijitabu?"
"Ndiyo."
"Itabidi nikitoboe."
Nilidhani atanipa muda.
Ta!

Nakifungua palepale, watu wanasubiri nyuma yangu.
Toa 10,000. Chizuru
halafu tundu,
la duara, safi, mipaka yake haina hata unyuzi.
Nalichungulia: naona kaunta, naona kalamu iliyofungwa mnyororo.
Namwomba kile kipande cha karatasi.
Anainama chini ya meza, anatoa kisanduku cha mashine,
vipande vyeupe mamia, vya vijitabu vya watu wa mji mzima.
"Samahani," anasema, na uso wake umewiva.

Nagonga muhuri. Unatoka umepinda.
"Tafadhali," ananong'ona, "mara moja tena.
Polepole. Bonyeza mpaka chini."